Neno la Wiki: Akiba

Neno akiba, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo wengi hulihusisha na fedha na nafaka tu, lastahiki nafasi katika elimu ya vyombo vya umeme. Mbita, kaunti ya Homa Bay, ambako mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha nguvu za jua cha kuwakodishia wavuvi taa za betri, mvuvi wa omena hurudisha alfajiri taa iliyokwisha chaji na magharibi akachukua iliyojaa; mchana taa huwa imezimika, wala hapana dhara. Lakini karani wa mwaloni Sori, kule Migori, ambaye hesabu ya samaki i wazi kiooni mwa chombo chake na wachuuzi wamemzunguka, hana muhula huo wa kukizima ili abadili betri. Ndipo vikaundwa vyombo vyenye betri ndogo ya ndani, ishikayo kumbukumbu kwa dakika chache hata kubwa itolewe na nyingine itiwe. Hiyo ndogo ndiyo akiba hasa; ile ya mfukoni, iitwayo spea, kwa haki ni badali.