Njia ya Gari la Moshi Iliyopotea Mjini Unguja

Sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika hatukujengewa reli. Mtu wa Kipili atakaye kuliona gari la moshi hana budi kwenda Mpanda, ama kushika njia ya ziwa hata Kigoma. Labda kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba reli katika nchi hizi ilianza na Wadachi, walipoishika kazi ya Tanga mwaka 1893. Lakini miaka 14 kabla ya hapo reli ilikuwa imekwisha kutandikwa katika kisiwa cha Unguja. Tena kisiwa hicho kidogo kilipata reli mbili, moja baada ya nyingine, na leo hakina hata moja. Tumeona inafaa kuieleza habari hii, kwa kuwa watu huisimulia sana, na katika kuisimulia huichanganya.

Reli ya kwanza ilikuwa ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888. Kabla ya kutawala aliwahi kuhamishwa akakaa Bombay, mji wa Bara Hindi uliokuwa na reli tangu mwaka 1853. Alipopata enzi alipenda kuupamba mji wake kwa mambo mapya. Aliwaletea watu maji safi kwa mifereji, akajenga ile nyumba kubwa iitwayo Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake ilibomoka siku ya Noeli mwaka 2020. Na mwaka 1879 akaagiza itengenezwe reli ya maili 7, yaani yapata kilomita 11, kutoka jumba lake la mjini mpaka jumba lake jingine la Chukwani, upande wa kusini.

Mwanzoni hapakuwa na moshi. Magari mawili yalivutwa na nyumbu. Nao si nyumbu wa porini tuwajuao huku kwetu, bali wanyama wazaliwao na punda na farasi. Mwaka 1881 Seyyid akaagiza injini ndogo kutoka Uingereza, kwa mafundi waitwao Bagnall. Basi injini ikachukua kazi ya nyumbu, ikamtumikia mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1888. Hapo reli ikang'olewa, na injini ikauzwa kuwa chuma kikuukuu. Kwa maoni yetu halikuwa jambo la ajabu. Reli ile ilimbeba mfalme kutoka nyumba yake hata nyumba yake. Haikubeba karafuu za mkulima wala chumvi ya mchuuzi. Aliyeitaka alipokufa, nani angenunua makaa yake?

Reli ya pili ni habari nyingine kabisa. Hiyo ilijengwa na kampuni ya Wamarekani, Arnold Cheney, ikafunguliwa mwaka 1905, mwaka ule ule Wadachi walipoanza reli yao kutoka Dar es Salaam, ambayo baadaye ilifika Kigoma mwaka 1914. Nayo pia ilikuwa ya maili 7, ila ilielekea kaskazini, mpaka kijiji cha Bububu. Hapa msomaji aangalie sana, maana urefu wa njia hizi mbili ni mmoja, na ndiyo sababu wasimulizi wengi huzifanya kuwa reli moja. Moja ilikwenda kusini, moja kaskazini. Na kati ya kufa kwa Seyyid Barghash na kufunguliwa kwa reli ya Wamarekani ilipita miaka 17.

Atakaye kuifuata njia ya reli hii ya pili na aanze Ngome Kongwe, karibu na bahari. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Imekuwa boma la askari, imekuwa gereza. Kisha katika siku za reli ya Bububu ikawa kituo cha gari la moshi. Baadaye tena, katika miaka ya 1940, wanawake walipewa uwanja humo wa kucheza tenisi. Kuta ni zile zile, nene kama mwanzo, na mgeni akiingia leo hawezi kujua kwamba hapa injini ilipumua moshi wake.

Kutoka hapo gari lilipita katikati ya mji. Msomaji ambaye hakufika Unguja asifikiri barabara pana kama zile za Sumbawanga. Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba, nyumba za mawe zimesimama huku na huku, ndefu, na mahali pengi watu wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kumpisha mwenziwe. Picha za zamani zaonyesha gari la moshi likipita katika njia kama hizo, karibu mno na vibaraza na milango ya maduka. Abiria angeweza kunyosha mkono akagusa ukuta. Wageni walioshuka melini kwa muda wa saa chache walipenda kulipanda ili wautazame mji na mashamba. Lakini wenye nyumba zilizokuwa kando ya reli hawakuwa wageni wa saa chache. Moshi, kelele na hofu ya watoto kukanyagwa vilikuwa vyao kila siku.

Likiisha kutoka mjini, gari lilifuata upande wa pwani. Atokaye mjini leo kwa barabara ya Bububu hupita Maruhubi, penye magofu ya jumba la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, kisha Mtoni, penye magofu ya jumba la baba yake, Seyyid Said. Magofu hayo ya wafalme yangali yakionekana, lakini reli, iliyokuja baada yao, haionekani. Mawe hayana kazi nyingine yakiachwa, chuma huuzwa.

Mwaka 1911 Serikali ya Unguja iliinunua reli hiyo. Lakini magari ya mafuta yalikuwa yakija, na barabara zikitengenezwa, nayo gari la mafuta lafika hata mlangoni pa mtu. Mwaka 1922 abiria wakaachwa. Reli ikabaki kuchukua mawe ya kujazia bahari palipojengwa bandari, na kazi hiyo ilipokwisha, reli nayo ikawa imekwisha. Kwa hiyo mtu asimamaye bandarini Unguja huenda anakanyaga mzigo wa mwisho wa gari lile.

Sasa tuje kwenye jina. Watu husema kwamba Bububu paliitwa hivyo kwa mlio wa gari la moshi: bu-bu-bu. Hadithi hii yapendeza, na sikio hulikubali upesi. Lakini yuko shahidi wa kuipinga, naye ni Bibi Salme, dada yake Seyyid Barghash, aliyeolewa na Mdachi akaitwa Emily Ruete. Bibi huyu aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, na humo aeleza jinsi alivyokaa shambani Bububu. Naye aliondoka Unguja mwaka 1866, miaka 13 kabla ya reli ya Chukwani na miaka 39 kabla ya reli ya Bububu. Basi jina lilikuwapo, gari halijakuwapo. Wengine husema jina latokana na mlio wa maji ya chemchemi za mahali pale. Neno hilo hatuwezi kulithibitisha, lakini angalau chemchemi ni za zamani kuliko Wamarekani.

Wala tusiseme kwamba majina yote hudanganya. Katika mji huo huo pana mahali paitwapo Darajani, napo hapana daraja. Zamani hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Baadaye hori likajazwa udongo, daraja likaondoka, jina likakaa. Hapa jina ni shahidi wa kweli, na kule Bububu watu wamemtia shahidi maneno asiyoyasema.

Tukiilinganisha reli ya Unguja na ile iliyo karibu nasi, ya kutoka Kaliua hata Mpanda, twaona tofauti. Reli ya Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa zamani, lakini reli haikung'olewa, kwa kuwa watu wa nchi walikuwa wamekwisha kuizoea kwa safari zao na mizigo yao, na mbadala wake ulikuwa mwendo wa siku nyingi porini. Bububu ilikuwa maili 7 tu kutoka mjini. Mwenye miguu mizuri aliweza kuondoka alfajiri na kufika sokoni mapema, wala hakumngoja mwenye injini.

Na ile njia ya Chukwani, ya kwanza kabisa? Siku hizi watu huelekea huko kwa motokaa, wakipita karibu na uwanja wa ndege. Wengi wapitao hapo waweza kukusimulia reli ya Bububu; ile ya Seyyid Barghash ni wachache waliosikia habari zake.