Upasuaji wa mivunjiko ya goti (Kalemie)

Upasuaji wa mivunjiko ya goti ni tiba ya kurudisha mahali pake mfupa na gegedu vilivyovunjika ndani ya goti, kisha kuvishikilia kwa nyaya, skrubu au bamba la chuma hadi mfupa uunge. Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kazi nyingi hutegemea goti linalokunjika. Mvuvi wa ndagala husukuma mtumbwi magoti yakiwa yamepinda, mpishi huchuchumaa mbele ya mbabula, yaani jiko la makaa. Mguu ulioungika ukabaki mkakamavu ni ulemavu, hata picha ya eksirei ikionyesha mfupa umeshikana vizuri.

Mivunjiko hii hupata ncha ya chini ya fupa la paja, uso wa juu wa muundi, au pia ya goti. Chanzo ni ajali za pikipiki, kuanguka kutoka juu ya mti na, mashariki mwa Kongo, risasi.

Mfupa una damu, ndiyo maana huunga. Gegedu linaloufunika ndani ya kiungo, lenye unene wa milimita chache tu, halina mishipa ya damu. Daktari William Hunter aliandika London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi kama lilivyokuwa. Ufa ukifika kwenye uboho, pengo huzibwa na kovu lililo dhaifu kuliko gegedu lenyewe. Kwa hiyo mpasuaji hutafuta usawa wa uso wa kiungo kabla ya kitu kingine. Ngazi kwenye uso huo inayozidi milimita 2 kwa kawaida humfanya afikirie kupasua.

Goti lililovunjika kwa ndani huvimba katika saa chache. Daktari akivuta damu kwa sindano na kuiacha itulie kwenye kibakuli, matone ya mafuta yakielea juu yake ni ishara kwamba ufa umefika kwenye uboho. Ishara hiyo haihitaji umeme wala mashine. Mapigo ya damu kwenye unyayo lazima yapimwe papo hapo, maana mshipa mkubwa hupita nyuma ya goti. Ukikatika, mguu una takriban saa 6 tu kabla ya kufa. Mvunjiko wenye jeraha wazi huhitaji antibiotiki mapema, chanjo ya pepopunda na kuoshwa kwa maji safi mengi. Kuchua na kukanda goti la namna hii, jambo linalofanyika majumbani kwa nia njema, husogeza vipande na kuongeza damu kiungoni.

Pia ya goti iliyogawanyika mara mbili hufungwa kwa pini mbili na waya uliopindwa umbo la tarakimu 8, ili nguvu ya kukunja goti izibane pande mbili pamoja. Mivunjiko ya muundi hupangwa katika makundi 6 ya mpasuaji Joseph Schatzker, yaliyochapishwa mwaka 1979. Uso uliobonyea huinuliwa kutoka chini, pengo likajazwa mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga, kisha bamba hushikilia. Chimbuko la ufundi huu wa kushikilia mfupa kwa chuma liko kwa sehemu Ubelgiji, nchi iliyotawala mji huu ulipoitwa Albertville. Mpasuaji Albin Lambotte wa Antwerp alichapisha kitabu chake cha upasuaji wa mivunjiko mwaka 1907, na mpasuaji Robert Danis akaeleza mwaka 1949 kubana vipande kwa bamba.

Bamba lisilo safi huleta usaha ndani ya kiungo, balaa kubwa kuliko mvunjiko wenyewe. Pasipo chumba safi cha upasuaji, kuvuta mguu kwa uzito ni tiba halali: mpasuaji Graham Apley alionyesha mwaka 1956 kwamba mgonjwa aliyevunjika muundi anaweza kuvutwa huku akikunja goti kila siku. Kesi ngumu huhitaji bingwa wa mifupa, kama wale wa HEAL Africa mjini Goma, hospitali iliyoanzishwa na mpasuaji wa mifupa Jo Lusi, au wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Rufaa ifanyike mapema, kwani baada ya wiki 3 vipande huanza kushikana vibaya na kuvipanga upya huwa kazi ngumu.

Baada ya upasuaji goti huanza kukunjwa ndani ya siku chache. Aliyevunjika muundi hutembelea magongo bila kukanyaga kwa wiki 6 hadi 12.