Tulijuaje Kuwa Mbu Ndiye Mwenye Kosa?

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: HADUBINI, KIMELEA, USHAHIDI. Hadubini ni chombo chenye vioo, ambacho hukikuza kitu kidogo hata macho yakaweza kukiona. Kimelea ni kiumbe kiishicho kwa kunyonya kiumbe kingine. Maana ya neno la tatu mtaipata wenyewe somo likiisha.

Leo tutazungumza juu ya malaria. Hakuna katika darasa hili asiyeijua homa hiyo. Lakini tukiuliza inatoka wapi, mmoja atasema inaletwa na mvua, wa pili atasema ni maembe mabichi, na wa tatu atasema ni mbu. Huyo wa tatu ndiye aliye sawa. Lakini yeye amejuaje? Je, ameona, au ameambiwa tu? Hilo ndilo swali letu la leo.

Zamani watu wa Ulaya nao walikuwa na jibu lao. Neno malaria lilitoka Italia, na maana yake ni hewa mbaya. Watu waliona kuwa homa huwapata zaidi wale wakaao karibu na mabwawa, wakadhani hewa inayonuka ndiyo sumu. Msiwacheke. Waliona jambo la kweli, maana homa na maji yaliyotuama hukaa pamoja. Walikosea sababu tu.

Ili kuipata sababu, kwanza kilihitajika chombo. Katika karne ya kumi na saba, mji wa Delft, Uholanzi, alikuwako mfanya biashara wa nguo, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile. Lakini alikuwa na mikono hodari na subira nyingi. Alisugua vipande vidogo vya kioo mpaka vikakuza vitu zaidi ya mara 200. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa, akaona viumbe vidogo vikiogelea. Akawaandikia wataalamu wa London barua kwa Kiholanzi, lugha yake mwenyewe. Ndipo watu wakajua kuwa kuna viumbe ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona.

Ikapita miaka mia mbili. Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa Constantine, nchi ya Algeria. Alichukua tone la damu ya askari mwenye homa, akalitazama kwa hadubini. Ndani yake aliona kitu kilicho hai, kikichezacheza. Hicho kilikuwa kimelea cha malaria. Wengi hawakumwamini kwa muda wa miaka kadhaa.

Sasa likazuka swali jingine: kimelea hicho huingiaje katika damu? Patrick Manson, daktari wa Uskoti aliyefanya kazi China, alikuwa ameonyesha mwaka 1877 kuwa vijidudu vya matende, ugonjwa unaojulikana sana pwani yetu, hukua ndani ya mbu. Akakisia kuwa malaria nayo ni hivyo. Mwaka 1894 alimweleza daktari mwenziwe, Ronald Ross, naye Ross akaenda kutafuta huko India.

Kazi ilikuwa ngumu. Kwa miaka miwili Ross alipasua mbu wa aina isiyohusika, asipate kitu. Joto lilikuwa kali, lakini hakuweza kutumia pepeo kwa kuwa upepo ungewapeperusha mbu wake. Jasho la uso wake liliziotesha kutu skrubu za hadubini yake. Mwezi wa Agosti, 1897, mjini Secunderabad, alipata mbu wa aina nyingine, wenye mabawa ya madoadoa. Akawaacha wamuume mgonjwa aitwaye Husein Khan, naye akalipwa anna moja kwa kila mbu. Anna ilikuwa sehemu ya kumi na sita ya rupia. Tarehe 20 Agosti, Ross alimpasua mbu mmoja katika wale wachache waliobaki, akaona tumboni mwake viduara vyenye chembe nyeusi, sawasawa na chembe za kimelea cha malaria.

Mwaka 1898, huko Calcutta, aliendelea na malaria ya ndege. Aliona vimelea vikitoka tumboni mwa mbu na kuingia katika tezi za mate yake, na mbu hao walipowauma ndege wazima, ndege wakaugua. Mwaka huo huo Giovanni Battista Grassi na wenzake, Italia, walithibitisha kuwa malaria ya binadamu huenezwa na mbu aina ya anofelesi. Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, na Laveran mwaka 1907. Husein Khan hakupata tuzo, lakini bila damu yake kazi ile isingefanyika.

Hata hivyo wengi walishika neno lao la hewa. Basi mwaka 1900 yakafanywa majaribio mawili. Katika la kwanza, madaktari Louis Sambon na George Low pamoja na wenzao walikaa karibu miezi mitatu katika nyumba ya mbao penye mabwawa karibu na Roma. Madirisha yalitiwa wavu, na kila jioni waliingia ndani kabla jua halijatua. Walivuta hewa ile ile ya mabwawa, wala hawakunywa kwinini. Hawakuugua. Katika la pili, mbu waliouma wagonjwa walipelekwa kutoka Roma mpaka London, mji usio na mabwawa yale, wakamwuma mwana wa Manson. Akashikwa na malaria, akapona kwa kwinini.

Pimeni wenyewe. Hewa pasipo mbu: hakuna homa. Mbu pasipo hewa ile: homa ipo. Huo, ndugu zangu, ndio ushahidi.

Lakini msidhani kuwa wataalamu wa mbali peke yao ndio waliokuwa na macho. Mtaalamu wa Kijerumani, Robert Koch, alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1897, alisikia kuwa watu wa milima ya Usambara hupata homa washukapo bondeni. Ugonjwa huo waliuita mbu, kwa kuwa walisema wadudu wa jina hilo huwauma huko. Walikuwa wametazama vema. Kilichobaki kilikuwa kupima.

Vita havijaisha. Mwaka 2023 malaria iliua karibu watu 600,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika. Kwa hiyo atakayekuambia jambo, msikilize kwa heshima, kisha umwulize: umejuaje?

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini majaribio yote mawili ya mwaka 1900 yalihitajika?
2. Watu wa zamani walikosea wapi, na walipata wapi?
3. Taja jambo moja linaloaminiwa kijijini kwenu. Mngelipimaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.