Tathmini ya Wanataaluma Wenza

Mei 2009, watoto wa Bagamoyo walianza kuchanjwa katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililohusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Miaka mitatu baadaye, Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo, iliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima waliojitolea, chini ya uangalizi wa madaktari. Kazi kama hizi huanzia kwenye karatasi: andiko la mradi, bajeti na ombi la ruzuku. Kabla fedha hazijatoka, andiko hupelekwa kwa watafiti wengine wa fani hiyohiyo walisome na kulipatia alama.

Hatua hiyo ndiyo tathmini ya wanataaluma wenza.

Wapo wanaoiita mapitio ya rika, lakini rika ni habari ya umri: walioingia jandoni pamoja ni rika moja. Profesa mwenye miaka 65 anayesoma andiko la kijana wa miaka 30 si rika lake, ila ni mwenzake katika taaluma. Neno mapitio nalo ni jepesi mno. Anayepitia aweza kuishia kusahihisha. Mtathmini hutoa hukumu, na kwa hukumu hiyo maabara hujengwa au hubaki ndoto.

Je, hukumu hiyo ni ya kuaminika? Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walionyesha kwamba katika baraza la utafiti wa tiba la Sweden, mwanamke alihitaji kuwa na kazi za kisayansi takriban mara 2.5 ya mwanamume ili apewe alama sawa ya umahiri. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti mwingine, ambapo watathmini 43 walipewa maandiko 25 yaliyokuwa yamewasilishwa kwa taasisi za afya za Marekani, NIH. Alama za waliosoma andiko moja hazikukaribiana zaidi ya alama za waliosoma maandiko tofauti! Kwa mwombaji, hiyo ina maana kwamba bahati ya kumpata msomaji fulani ina uzito mkubwa.

New Zealand, katika ruzuku fulani za utafiti wa afya, ilianza kupiga kura ya bahati mwaka 2013, lakini baina ya maandiko yaliyokwisha kuthibitika kuwa yanafaa. Ni njia ya haki kuliko kujidai kwamba alama 81 kweli inaizidi 80.

Kwa ukanda wa Pwani, dawa ya kwanza ni kuuliza mwenza ni nani. Bingwa wa London anaweza kuijua chanjo barabara, asijue masika yanavyozichelewesha ziara za kaya vijijini, akaikata bajeti ya usafiri kwa kuiona imezidi. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, COSTECH, pamoja na wafadhili wa nje, wawaite mezani watafiti wa Bagamoyo, Ifakara na Kilifi, wawafunze vijana kutathmini, na kila mwombaji aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi.