Kompyuta ya Nyumbani: Jinsi ya Kutambua Programu za Kijasusi na Kushughulikia Intaneti Yenye Kasi Ndogo

Intaneti inapopungua kasi nyumbani, wananchi wengi hudhani ama mtoa huduma amewapunja, ama kompyuta imeingiliwa na virusi. Kila moja kati ya dhana hizo inaweza kuwa sahihi, lakini tiba zake hazifanani. Makala hii inaeleza namna ya kutofautisha hali hizo mbili, hatua za kuchukua na mahali pa kutoa taarifa.

Programu ya kijasusi ni nini

Ni programu inayoingia katika kompyuta bila ridhaa ya mwenyewe, ikakusanya taarifa zake na kuzituma kwa mtu mwingine. Baadhi hurekodi kila herufi inayobonyezwa, zikiwemo nywila za benki na barua pepe. Nyingine hupiga picha za skrini, hufungua kamera au hufuatilia tovuti zinazotembelewa. Nyingi huingia kupitia programu zilizovunjwa leseni, viambatisho vya barua pepe, flashi zinazozungushwa kwa watu wengi, na matangazo ya uongo yanayodai kwamba kompyuta imeambukizwa. Nyingine husakinishwa kwa makusudi na mtu aliyeikamata kompyuta hiyo, awe fundi au hata ndugu wa karibu.

Kwanza, tafuta chanzo cha kasi ndogo

Pima kasi kwa kutumia simu na kompyuta zilizounganishwa kwenye ruta moja, zikiwa mahali pamoja. Vifaa vyote viwili vikiwa na kasi ndogo, tatizo huenda lipo kwenye ruta, kifurushi au mtandao wa mtoa huduma. Kompyuta peke yake ikiwa ndiyo yenye kasi ndogo, ichunguzwe.

Kasi ya kifurushi hutajwa kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni sawa na biti 8. Hivyo, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua takribani megabaiti 2.5 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi iliyolipiwa.

Aidha, yapo matatizo yaliyo nje ya uwezo wa kaya. Tarehe 12 Mei, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipunguza kasi ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Katika hali kama hiyo, kufuta programu kwenye kompyuta hakusaidii.

Kagua kompyuta

Kwa watumiaji wa Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Orodha itakayofunguka huonyesha programu zinazofanya kazi na kiasi cha mtandao kinachotumiwa na kila moja. Si kila programu inayotumia mtandao ni hasidi: masasisho ya Windows na huduma za kuhifadhi picha mtandaoni nazo hutumia data nyingi. Zinazotiliwa shaka ni programu ambazo hakuna mwanafamilia anayezitambua, viendelezi vipya vya kivinjari, ukurasa wa mwanzo uliobadilika wenyewe, na programu ya kuzuia virusi iliyozimwa bila mtu kuizima.

Ikumbukwe kwamba programu ya kijasusi iliyotengenezwa kwa ustadi hutuma taarifa chache sana na haipunguzi kasi. Kwa hiyo, intaneti yenye kasi nzuri si uthibitisho kwamba kompyuta ni salama.

Hatua za kuchukua

Endapo kuna shaka ya msingi, zingatia mpangilio ufuatao:

1. Kata muunganisho wa intaneti ili taarifa zisiendelee kutoka.

2. Tumia kifaa kingine kilicho salama kubadilisha nywila, kwa kuanza na barua pepe na benki, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Nywila mpya ikiandikwa kwenye kompyuta iliyoathirika, nayo itaibwa.

3. Endapo fedha zimechukuliwa, ijulishe benki mara moja. Hifadhi ujumbe na picha za skrini, na usifute chochote kwenye kompyuta kabla ya kutoa taarifa Polisi, kwani ushahidi unaweza kupotea.

4. Fanya ukaguzi kamili kwa programu ya kuzuia virusi. Windows 10 na Windows 11 zina Microsoft Defender isiyohitaji malipo ya ziada, yenye uwezo wa kukagua kompyuta kabla Windows yenyewe haijawaka.

5. Tatizo likiendelea, hifadhi nakala ya nyaraka na picha pekee, kisha sakinisha upya mfumo endeshi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta au kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini. Makosa hayo huripotiwa katika kituo cha Polisi. Matukio ya usalama wa mtandao hupokelewa pia na TZ-CERT, timu ya kitaifa iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Malalamiko kuhusu taasisi inayokusanya taarifa binafsi kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwasilishwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kinga

Ruhusu masasisho ya mfumo endeshi. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, hivyo wanaoitumia wanashauriwa kuhamia Windows 11 iwapo kompyuta zao zinakidhi vigezo. Badilisha nywila ya ruta iliyowekwa kiwandani. Tumia akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu kwa matumizi ya kila siku, hususan kwa watoto. Kompyuta inapopelekwa kwa fundi, usimwachie nywila za benki wala za barua pepe, na itakaporudi ikague kabla ya kuitumia kufanya malipo.