Jinsi ya kutambua maradhi hatari ya kuvu kwa mbwa

MBWA wako anatokwa na damu puani. Umempa dawa ya kupe, kisha viuavijasumu, na wiki tatu baadaye damu ingali inatiririka. Huenda adui ni kuvu, na siku zinazopotea kwa kubahatisha dawa ndizo zinazompa nafasi ya kuenea.

Kuvu huishi udongoni, katika majani yaliyooza, nyasi kavu na kinyesi cha ndege na popo. Mbwa, kwa mazoea yake ya kunusa na kufukua, huvuta chembe zake kila siku. Mara nyingi mwili huzishinda. Kinga ikilegea, au chembe zikiwa nyingi kupita kiasi, maradhi huanza.

Kwanza, usichanganye maradhi hayo na choa. Choa huacha mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba. Hakimuui mbwa, ingawa huambukiza watu, hasa watoto wanaomkumbatia. Maradhi yanayotisha ni yale yanayoingia ndani ya mwili.

Puani

Aspergilosi ya pua hushambulia zaidi mbwa wenye pua ndefu, wakiwemo German Shepherd wanaolinda nyumba nyingi nchini. Kamasi nzito au damu hutoka, aghalabu tundu moja kwanza. Mbwa hupiga chafya, hukataa kuguswa usoni, na ncha ya pua hupoteza weusi wake na kufanya vidonda. Dalili hii ya mwisho ni muhimu, kwani maradhi yanayoletwa na kupe pia husababisha damu puani, lakini hayaifanyi pua kupauka. Uvimbe ndani ya pua nao huleta dalili kama hizo, hivyo vipimo haviepukiki.

Mara chache, kuvu wa jamii hiyo husambaa mwilini. German Shepherd, hasa majike, ndio huathirika zaidi. Mbwa huumwa na mgongo, huchechemea, hukonda na huweza kupooza miguu ya nyuma. Hapo matumaini ya kupona ni haba.

Ubongoni na machoni

Kriptokokosi hutokana na kuvu anayestawi katika kinyesi cha njiwa na kwenye baadhi ya miti kama mikaratusi. Hupenda ubongo na macho. Mbwa huyumbayumba, huinamisha kichwa upande mmoja, hupatwa na kifafa au hupofuka ghafla. Dalili hizi hufanana na za kichaa cha mbwa. Kwa hivyo usimguse mdomoni. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo mara moja.

Mbwa aliyeletwa kutoka Marekani Kaskazini anaweza kuwa na maradhi yasiyo ya kawaida hapa: blastomikosi, inayopatikana katika mabonde ya mito Mississippi na Ohio na sehemu za Kanada, au homa ya bondeni ya majangwa ya Arizona na California. Kikohozi, kuchechemea, macho mekundu na vidonda visivyopona ndizo ishara zake. Mweleze daktari safari zote za mbwa huyo.

Vipimo na tiba

Daktari huchukua majimaji au kipande kidogo cha nyama na kukichunguza kwa darubini, au hukiotesha maabara. Eksirei na vipimo vya damu humsaidia.

Viuavijasumu haviui kuvu. Dawa za steroidi hupunguza uvimbe kwa muda, lakini hudhoofisha kinga na kumpa kuvu mwanya. Tiba hasa ni dawa kama itrakonazoli na flukonazoli, zinazotumiwa kwa miezi kadhaa huku ini likichunguzwa. Katika aspergilosi ya pua, daktari humtia mbwa usingizi na kuijaza pua dawa. Gharama ni kubwa. Hata hivyo, kukatiza dawa kwa sababu mbwa ameanza kucheza ni kuualika ugonjwa urudi.

Aspergilosi na kriptokokosi kwa kawaida hazimtoki mbwa kumwingia mtu. Hata hivyo, nyote mnavuta hewa moja. Anayesafisha kibanda cha njiwa akinyunyizie maji kwanza na kuziba pua na mdomo, na mwenye kinga dhaifu amwachie mwingine kazi hiyo.

Damu puani ikizidi siku mbili, au kidonda kikikataa kupona, usimngoje mbwa azidiwe.