USUKANI ULIOPOTEA: KUTOKA GARI LA WAYA HADI GARI LA RIMOTI

Ndugu msomaji, kama ulikulia uswahilini, iwe ni Tandika, Manzese au huku kwetu Chamazi, basi gari lako la kwanza hukulinunua dukani. Ulilikunja mwenyewe kwa waya, ukalivalisha magurudumu ya ndala zilizokatika, ukalifunga mti mrefu wenye duara la waya juu yake, kisha ukakimbia nalo mchana kutwa huku mdomo ukiunguruma badala ya injini. Mama anakutuma chumvi, unakwenda na gari. Duara lile ndilo lilikuwa usukani. Ukilizungusha kidogo, magurudumu ya mbele yanakata kidogo. Ukilizungusha sana, yanakata sana. Lishike jambo hili dogo, maana makala hii nzima imesimama juu yake.

Gari lile si letu Wabongo peke yetu. Kule Malawi watoto huliita galimoto, na mwaka 1990 mwandishi wa Marekani, Karen Lynn Williams, alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilohilo, kinachomhusu mvulana anayesaka waya kijijini ili atengeneze gari lake. Neno lenyewe limesafiri. Gari tulilichukua kutoka kwa Wahindi, wenzetu wa Malawi wakaliongezea mota. Kwa wanaopenda maneno hilo ni tamu, lakini tuendelee na safari.

Rimoti nayo ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1898, Nikola Tesla alisimama mbele ya watu kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akaendesha kimashua kidogo majini bila waya wowote, kwa mawimbi ya redio tu. Wakati huo hapa Dar es Salaam alikuwa anatawala Mjerumani. Zikapita karibu miaka 70. Mwaka 1966 kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Italia ikauza Ferrari 250LM ndogo inayoongozwa kwa redio, na mwaka 1976 Tamiya ya Japani ikatoa Porsche 934 ya kipimo cha 1 kwa 12, ambayo mnunuzi aliiunganisha mwenyewe.

Kuanzia hapo magari ya rimoti yakawa na koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa hobi: kila kiungo kinasimama peke yake, risiva mbali, mota mbali, kifaa cha usukani mbali, na kila kimoja kina spea yake. Kikiungua kimoja unabadilisha hicho, gari linaendelea kuishi. Ukoo wa pili ni wa duka la midoli: kila kitu kimebanwa kwenye saketi moja ya ukubwa wa kiberiti, na ikifa saketi, gari limekwenda na maji. Nitakupa swali la kizushi: unadhani ni ukoo gani uliofika Kariakoo?

Wakati Porsche ile inatoka Japani, mtoto wa Temeke hakuwa na njia ya kuipata hata baba yake angekuwa na fedha. Fedha za kigeni zilikuwa za kupangiwa na serikali, na mdoli haukuwamo kwenye mpango. Halafu ikaja vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, na baada yake dhiki ambayo wazazi wetu wanaisimulia mpaka leo: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya kitambaa. Nani angethubutu kuulizia gari la rimoti? Kwa hiyo gari la waya lilitamba kipindi kile kwa kukosa mpinzani. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za nje waingize bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na nchi ikawa ya ruksa. Maduka ya Kariakoo yakafurika. Mitumba, redio kaseti, saa za plastiki, na ndani ya maboksi yenye picha za kung'aa, gari la rimoti.

Bwana wee! Mwenye gari lile alikuwa mfalme. Kwa kawaida alikuwa mtoto wa geti kali, na sisi wa uswahilini tulilitazama kupitia matundu ya uzio. Nyumba chache za mitaa yetu zilizobahatika kulipata zilililinda kuliko televisheni. Lilikaa juu ya kabati, ndani ya boksi lake, chini ya kitambaa cha kufuma, likishushwa Idi na Krismasi. Gari la waya likaanza kuonewa haya. Kijana wa miaka 11 aliyelisukuma barabarani alichekwa kuwa ni mshamba, na wengi wakaliacha siku ile walipoona la rimoti.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusimame. Fungua gari la rimoti la bei nafuu na utazame mbele, pale kwenye magurudumu ya kukata kona. Katika mengi utakuta koili na sumaku, au kimota kidogo chenye springi. Ukibonyeza kushoto, magurudumu yanakwenda kushoto mpaka mwisho. Ukiachia, springi inayarudisha katikati. Hakuna kidogo, hakuna nusu. Yale ya bei ya chini kabisa hayana hata hilo: yanakwenda mbele moja kwa moja, na yakirudi nyuma ndiyo yanajipinda.

Sababu iko kwenye rimoti yenyewe. Chipu zilizoenea sana kwenye midoli hii, TX-2 kwenye rimoti na RX-2 kwenye gari, zinajua amri tano: mbele, nyuma, kushoto, kulia na turbo. Rimoti inatuma mipigo ya redio na gari linaihesabu, mipigo 10 ni mbele, 40 ni nyuma, na kadhalika. Ni ujanja mzuri na wa gharama ndogo. Lakini mkono wa mtoto hauna njia ya kusema "kata kona taratibu". Zaidi ya hapo, midoli mingi iligawana masafa ya megahezi 27 au 49, hivyo wakikutana washikaji wawili wenye masafa mamoja, rimoti moja inaburuta magari mawili na ugomvi unaanza.

Unaona kilichotokea? Tulitupa gari lenye usukani kamili, tukapokea lenye usukani wa ndiyo na hapana, tukaita maendeleo. Mtoto wa waya alijua kulisogeza gari lake kandokando ya mtaro bila kutumbukia. Mtoto wa rimoti alikwenda kwa kugongagonga. Na alipogonga akavunja, hakuwa na cha kufanya, kwa sababu gari lile halikutengenezwa na yeye wala halikukusudiwa kufunguliwa.

Kilichoyaua magari hayo mapema zaidi ni betri. Betri nne ndogo za volti 1.5 ni volti 6, zinakimbiza gari nusu saa hivi, basi. Matsushita walijenga kiwanda cha betri za National hapahapa Dar es Salaam miaka ya 1960, lakini betri ndani ya nyumba ilikuwa ya redio na tochi. Za redio zenyewe zilianikwa juani na kung'atwa kwa meno ili zisogee siku mbili zaidi. Nani akupe nne za mchezo? Gari linarudi juu ya kabati, betri zikisahaulika ndani zinavuja, kutu ya kijani inakula vibati, na hadithi inaishia hapo.

Ukombozi ulikuja kwa mlango ambao hakuna aliyeutegemea. Mwaka 1991 Sony waliingiza sokoni betri ya lithiamu, ile ambayo wavumbuzi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019. Mwaka 1994 Mobitel wakaleta simu za mkononi hapa nchini, zikiwa za wakubwa tu, lakini miaka kumi baadaye zilikuwa mifukoni mwa makondakta. Nokia wakaeneza betri yao ya BL-5C, volti 3.7, nyembamba kama biskuti. Simu hufa, betri hubaki. Leo kwa fundi simu yeyote kuna boksi la betri za namna hiyo, na chini ya meza yake pengine mna betri mbovu ya laptopu. Ndani ya betri ya laptopu mara nyingi kuna seli sita za duara. Zikifa mbili tu, betri nzima inatupwa, na nne zinabaki na uhai.

Hapo ndipo kijana asiye na kitu anapoweza kuvuka kutoka ukoo wa midoli kwenda ukoo wa hobi, kwa pesa za madafu, kipande kimoja kimoja. Ila wengi wanaanza vibaya. Wanaanza na kasi. Wanafunga betri mbili za simu mfululizo, volti 7.4, kwenye mota iliyozoea volti 3 au 6, gari linaruka kama panya aliyemwagiwa maji ya moto, vijana wanashangilia, na kabla ya jioni gia za plastiki zimeng'oka meno. Na ukumbuke mchanga wa Chamazi. Wengi wanaijua Chamazi kwa uwanja wa Azam tu, lakini sisi wakazi tunaijua kwa mchanga. Gari likikwama mchangani, mota inavuta umeme mara nyingi kuliko kawaida. Betri ya simu yenye kinga inajikata, isiyo na kinga inachemka. Betri ya lithiamu haipendi kuzidi volti 4.2 wakati wa kuchaji, na ikitobolewa au kuzidishiwa inaweza kuwaka moto. Mwaka 2007 Nokia walitangaza kubadilisha betri za BL-5C zipatazo milioni 46 kwa sababu zingeweza kupata moto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, na mtengenezaji alikuwa huyohuyo Matsushita. Kama wakubwa wale waliteleza, wewe uliyepachika chaja ya kobe na kwenda kulala unajiamini nini? Chaji seli moja moja, ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji.

Mimi nasema anza na usukani. Kifaa chake kinaitwa sevo, na ile ndogo ya gramu 9 ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika fani yote ya hobi. Ndani yake kuna mota, gia, na kitu ambacho kila fundi redio anakijua kwa kukipapasa: kinobu kama kile cha kuongezea sauti. Kinobu kinaiambia saketi mkono wa sevo umefika wapi. Risiva inatuma mapigo 50 kila sekunde. Pigo la sehemu moja ya elfu ya sekunde ni upande mmoja mpaka mwisho, la sehemu mbili ni upande wa pili, la moja na nusu ni katikati, na kati ya hapo kuna vituo vyote unavyovitaka. Kidogo ni kidogo, sana ni sana. Je, si ndilo lile duara la waya?

Kwenye rimoti ndipo fedha inapouma. Seti ya hobi ya gigahezi 2.4, ambayo kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ilianza kuondoa ule ugomvi wa kugongana masafa, ndiyo kipande ghali kuliko vingine. Asiyeweza anatumia simu yake: kibodi cha Arduino, mradi ulioanzia Italia mwaka 2005, kiungo cha Bluetooth, na kidole kinateleza kwenye kioo badala ya kubonyeza ndiyo na hapana. Kwa mota ya nyuma wengi hununua kibao cha L298N kwa kuwa ni rahisi. Ni rahisi kweli, ila kinameza volti karibu 2 njiani na kuzigeuza joto, na kwa aliyeokota betri zake jalalani hizo ni volti nyingi. Afadhali udunduize upate kidhibiti mwendo halisi cha mota ya brashi. Kingi katika hivyo kinatoa pia volti 5 za kulisha risiva na sevo, umeokoa kipande kimoja.

Nawajua wazee watakaosema huu ni mchezo wa watoto, kijana mzima anachomelea risasi kwenye mdoli wakati hana kazi. Nawauliza: fundi anayewatengenezea redio alianza wapi? Kijana aliyekwisha kufunga sevo ameshika mkononi kanuni ya mtambo unaojisahihisha wenyewe, na hakuna aliyemfungia geti.

Bado kimebaki kiungo kimoja ambacho hakiuzwi kwenye duka la vifaa vya umeme: kile cha kuunganisha mkono wa sevo na magurudumu ya mbele. Kinatakiwa kiwe kigumu, chembamba, kisipinde gari likigonga jiwe. Spoki ya baiskeli inafaa, au ubavu wa mwavuli mbovu. Unaikata kwa koleo, unaikunja kila ncha kama herufi Z, unaipitisha kwenye tundu la sevo upande huu na kwenye mhimili wa gurudumu upande ule. Ikilegea, ikunje tena. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza gari la waya ataikunja bila kuonyeshwa.